Petali ya Mama Yake Memsabu

Jumatano. Baridi ya Julai imekaza, na ukungu umelalia ngano tangu asubuhi. Nimewasha moto sebuleni ingawa Memsabu hayuko. Anarudi kesho kwa treni kutoka Nakuru.

Leo nimefanya ujinga.

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuokota petali zilizoanguka mezani, chini ya chombo cha maua, kabla Memsabu hajaamka. Miaka sita sasa. Mkono umezoea, unaenda wenyewe. Leo nilikuwa napangusa fremu ya ile picha ya maua aliyoichora marehemu mama yake huko Ulaya, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Nikaona petali mbili zimeanguka mezani. Nikapitisha kitambaa.

Kumbe ni meza ya kwenye picha!

Moja imebaki. Ya pili imekuwa doa jekundu kwenye kitambaa changu.

Mzee Ombima, mpishi, alicheka mpaka akakalia gunia la viazi. "Ati umefagia picha? Sema ni panya, bwana. Wazungu wanaogopa panya, hatauliza zaidi."

Mimi sikucheka. Nikifukuzwa na barua mbaya, hakuna shamba kutoka hapa hadi Sugoi litakaloniandika, na mke wangu kule Bunyore amebakiza mwezi mmoja ajifungue. Naogopa sana.

Nimeshinda nikiitazama hiyo picha. Ukiwa karibu ni rangi tu, imekandikwa nene kama udongo ukutani. Ukirudi mpaka mlangoni, maua yanapumua. Kusema kweli nilikuwa naidharau. Nyumbani mama alitukataza kuchuma maua ya maharagwe, kwa sababu ua ni chakula cha kesho. Haya ya Ulaya yatazaa nini?

Lakini yule mama mchoraji aliyatazama hata yaliyoanguka, akayachora kwa upole uleule. Hakuyafagia. Mimi miaka sita nimekuwa nikimfichia binti yake yaliyoanguka, kana kwamba ni aibu ya nyumba.

Hapana, habari ya panya siitaki.

Kesho maua ya mezani yatadondosha petali, kama kawaida yao. Sitaziokota. Memsabu akiingia atazikuta, na mimi nimesimama hapo na kitambaa changu mkononi. Nitamwambia: petali moja ya mama yako nimeifuta mimi.