Nilimtuma Kinyozi Bombani

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanetu, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu, bado anawaambia majirani kuwa nagombea udiwani kwa sababu nilizaliwa nikipiga kelele.

Kampeni yetu unaijua. Hatuna magari wala fulana za kugawa. Tangu tulipowazuia wakubwa wasiliuze bomba la mtaa, wanawake wa foleni ya maji walinisukuma nigombee, nikakubali. Mkono wangu wa kulia ni kinyozi wa jirani. Kila kichwa kinachoingia kwake hutoka kimenyolewa na kimehubiriwa.

Lakini dada, siko sawa. Mlango ukigongwa kidogo nashtuka. Cherehani nimeigeuza, nishone mgongo ukiwa ukutani. Wiki mbili zilizopita aliingia mteja nisiyemjua, mpole, na suruali ya kupunguza. Nilipokuwa nampima kiuno aliinama, akaniambia Jumamosi nisifike kwenye mkutano wa bombani, maana atakayesimama kusema pale hatarudi kwa miguu yake. Kisha akauliza suruali itakuwa tayari lini.

Jumamosi nilijifunika shuka mchana kweupe. Nikampelekea kinyozi habari kwamba kichwa kinanipasuka, anisemee. Alipita dirishani kunijulia hali, akacheka, akasema vichwa ndiyo kazi yake.

Kule bombani hakumaliza hata salamu. Watu wanne walimvamia, wakamvunja mkono, ule wa kunyolea, na mbavu mbili. Mtaa mzima ukaja kunipa pole. Wakasema Mungu aliniepusha kwa ugonjwa. Nikaitikia.

Dada, sikuwa mgonjwa. Nilijua, nikamtuma. Habari za yule mteja sikumgusia hata kidogo. Mama hajui, na nakuomba asisikie kwako kabla yangu.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali nikamweleza kinyozi yote. Mkewe aliacha kumenya chungwa, akatoka bila kunitazama. Muuguzi akaja, akampima mgonjwa joto, akaondoka. Ndipo kinyozi akaniuliza, "Mkutano wa leo upo?"

Nikamjibu upo, saa kumi, palepale.

"Basi nenda," akasema. "Mambo ya kusameheana usiniulize leo."

Nimepita polisi, nimewaeleza sura ya yule mteja. Wameandika, wakapiga miayo. Sasa ni saa tisa na nusu. Wanawake wa foleni wananingoja nje, wamesema watanizunguka kama ukuta. Naogopa, dada, lakini nakwenda. Na kabla ya kuomba kura ya mtu yeyote, nitawaambia kwamba Jumamosi ile nilikuwa mzima.

Msalimie shemeji, wanao wabusu, nawe usichoke kuniombea.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi