Nyayo Zangu Zimeshika Kutu

Jumatano. Mvua ya alfajiri imekatika, jua limetoka kali, na kijiji chetu chote cha Mtunda kinanuka udongo mbichi. Leo moyo wangu mweupe. Nina jambo la kukiri, tena nalikiri mchana kweupe.

Lakini kwanza ijulikane kuwa miguu hii si miguu ya mchezo. Miaka ile nakata boriti za mikoko huko delta, mto unapoingia baharini, nilikuwa nikimkanyaga kambale ndani ya tope namtambua jike au dume kabla sijainama. Siku moja nilimkanyaga mamba mgongoni nikidhani gogo. Naye nadhani aliona ametembelewa na mkubwa wake, maana aliondoka kimya. Anayebisha aje aniulize.

Na mpunga je? Marehemu baba alinifundisha kuwa tope la mpunga halipimwi kwa jicho wala kwa mkono, linapimwa kwa wayo. Likiwa baridi juu na vuguvugu chini, subiri. Baridi ikishuka mpaka kwenye kifundo, panda. Sijawahi kukosea.

Mwaka huu tope halisemi nami.

Ilianza kama siafu vidoleni. Kisha moto, kama nimekanyaga majivu ya jana ambayo hayajapoa. Kisha ganzi. Siku moja nimetoka zangu bondeni kwenye mpunga, mke wangu Mama Zuhura akaniuliza ndala nyingine nimemgawia nani. Kutazama, mguu wa kushoto una ndala, wa kulia mtupu, na mwiba umezama mpaka kichwani. Njia nzima nimetembea nao. Nikamwambia nimeivua makusudi, nafanya mazoezi.

Hakucheka. Kesho yake tulikuwa Kibiti, kliniki ya kisukari.

Daktari Neema ni binti wa bara, umri wa mwanangu. Alinieleza kuwa sukari ikizidi kwenye damu inazaa chembe korofi zinazotafuna mishipa ya fahamu, ndiyo maana inachoma, kisha inakufa ganzi. Jambo lenyewe lina jina refu lenye oksijeni ndani yake. Mimi niliishia darasa la tano, nikashika neno moja tu alilolisema: kutu. Akasema mwili una walinzi wake wa kuizuia kutu hiyo, na wengine tunawala kwenye mchicha, matembele, nyanya na matunda.

Kisha akanifumbisha macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu. Nikisikia, niseme. Nilisema "nasikia" kila mara, kwa sauti ya kiume. Mwisho akaniambia kwa upole, "Baba, hapo sijakugusa bado."

Hata hivyo sikupata akili. Mtu wa Kibiti ukimwambia matunda ni dawa, na embe zimeiva, umemkabidhi ghala na ufunguo. Asubuhi nanasi. Mchana embe, nazila kama popo. Jioni jagi zima la juisi ya machungwa. Nikatangaza kijiweni kuwa kutu nimeiweza, na madaktari watakuja kujifunza kwangu.

Niliporudi kliniki sukari ilikuwa imepanda vibaya. Neema hakunigombeza. Aliniuliza tu, zamani kule kwenye mikoko panga nililitunzaje lisishike kutu. Nikajinyoosha kwenye kiti, nikamweleza: unalisuuza kwa maji baridi ya kunywa, unalifuta, unalipaka mafuta ya nazi.

"Na ukilipaka mafuta, halafu ukaliacha humo humo kwenye maji ya chumvi?"

Nikajikunja tena kwenye kiti. Mimi, ninayejua mikoko kuliko kaa.

"Sukari ndiyo maji yako ya chumvi, baba. Litoe panga kwanza."

Nikamuuliza juu ya vidonge vya kuzuia kutu ambavyo watu wanavisifia. Akasema wataalamu bado wanavichunguza, kuna wanaopata nafuu na kuna wasiopata, yeye hawezi kuniahidi. Anachokijua ni hiki: dawa ya sukari nisiikose, embe iwe kipande siyo beseni, mboga za majani kwa wingi, miguu niikague kila siku, na peku iwe mwiko.

Wiki zimepita nikitii. Kutii kwangu ni kazi kuliko kukata boriti.

Leo ndiyo nilirudi. Sukari imeshuka. Ukaja uzi. Nikafumba macho, nikamwomba Mungu anipe kifua cha kusema kweli. Akaanza mguu wa kulia. Nikangoja.

"Sijasikia, mwanangu."

Tena, sijasikia. Neno hili sikumbuki kulitamka mbele ya mtu.

Akahamia kushoto. Chini ya dole gumba ikawa kama inzi ametua. Nikaogopa ni ulimi wangu unanitania, nikamwomba arudie. Inzi akatua tena.

"Hapo."

Alitazama karatasi yake. Mara iliyopita aliponigusa kwa kuvizia, bila kuniuliza, hapo palikuwa kimya. Akacheka, akasema leo nimefaulu kuliko siku ile niliyopata zote. Ila akanionya: wa kulia huenda usirudi, kwa hiyo buti bondeni, na kabla sijavaa nizikung'ute ndani.

Inzi mmoja tu. Lakini nimekuja nalo mpaka nyumbani hilo dole, nalichungulia kama mtu aliyezawadiwa saa.

Kesho tunaingia bondeni. Tope atalipima Mama Zuhura kwa wayo wake. Nimemwomba mwenyewe, na nimemweleza mambo yote ya baridi na vuguvugu. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anayajua tangu siku alipoolewa, alikuwa ananiachia tu.

Buti ziko mlangoni. Jioni nikirudi nitazihesabu. Zikiwa mbili, siku imekwenda vizuri.