Simu ya Mzee wa Meza ya Sita

Jumatatu, 10 Novemba
Simu thelathini na mbili leo. Nalinda mlango wa mashindano. Nakagua mifuko, nafungia simu ya kila mchezaji kwenye kisanduku chake, nampa ufunguo. Simu haiingii ukumbini, maana inaweza kumwambia mtu pa kuweka jiwe. Huko ndani ni Go, mchezo wa ubao: mawe meusi na meupe, masaa manne kimya. Mchezo siuelewi. Miguu inauma.

Jumanne, 11 Novemba
Mzee wa meza ya sita, wa kutoka Korea, ndiye pekee anayenisalimia. Leo kanionyesha picha. Mke wake, hospitalini, mirija puani. Kesho anapasuliwa. Anaomba abaki na simu, bila sauti. Nimemwambia haiwezekani, sir.
Sijatulia. Mama alipofariki Kitale, simu yangu ilikuwa kwenye kabati la kazini. Nilikuta nimepigiwa mara kumi na tisa.

Jumatano, 12 Novemba
Nimemwachia. Daftarini nikaandika "hana simu".
Saa sita simu ikatetemeka. Mwamuzi akaitoa kwenye koti la mzee, akaichukua bado inatetemeka. Supavaiza akaniita mbele ya madam wa mashindano. Madam akauliza, ulimkagua huyu?
"Nilimkagua, madam. Hakuwa nayo."
Mzee alikuwa hapo hapo. Alisikia. Angenitaja tu, ningekwisha. Akaniangalia, akainamisha kichwa. Hakunitaja.
Sasa wanamwita mdanganyifu. Mimi ni mwoga. Nikisema ukweli, khalas, viza inakatwa, na watoto wangu wawili wanasoma kwa kazi hii.

Alhamisi, 13 Novemba
Kamati ilikaa saa nane mchana. Wafula, ninayeishi naye Al Qusais, jana usiku alisema nyamaza bwana, yule ni mtu mkubwa, atapona. Nilifika hadi mlangoni kwa kamati. Mkono ukakataa kugonga. Nikarudi.
Wamemfungia asicheze miaka mitano. Ana miaka sitini na moja.
Simu yake walikaa nayo tangu jana. Mimi ndiye niliyetumwa kumrudishia. Akaiwasha, akasoma amesimama, kisha akakaa kwenye kiti changu. Akaniambia mke alifariki jana jioni. Ile simu ya saa sita ilikuwa ni yeye, kabla hajaingizwa kupasuliwa.
Akanishika mkono. Akasema asante, ulijaribu.
Nilitaka anitukane.

Ijumaa, 14 Novemba
Supavaiza kanisifu kwa umakini wangu. Wiki ijayo napelekwa Oud Metha, kwenye kliniki. Mlangoni tena.
Simu thelathini na moja. Kisanduku cha sita kiko wazi. Nimekipangusa, nikakifunga. Ufunguo nimebaki nao.