Ngazi ya Sista Agata

Makambako, Jumanne

Mafundi wote kuanzia hapa hadi Njombe wakiona nilivyochomelea wavue kofia. Hata chuma chenyewe kinanishukuru.

Leo nimelifungia gari la misheni ngazi ya nyuma na ndoano ya kuvutia tela. Dereva wake ni Sista Agata. Akaigusa ngazi kwa ncha ya kiatu, kama anaonja maji ya moto.

"Itanibeba kweli, mwanangu?"

"Panda, Sista. Hiyo inabeba hata tembo."

"Kumbe mimi tembo!"

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Sista akapanda, akarukaruka, akanibariki. Akafunga tela la mbegu za viazi, huyoo, peke yake, njia ya Mlangali.

Vumbi halijatua, bosi akauliza, "Tairi la akiba ulijaribu kulishusha?"

Linaning'inia chini ya gari, nyuma. Na chuma cha ndoano nimekichomelea palepale, kimelizuia. Halitoki mpaka chuma kikatwe.

Njia ile mawe matupu. Nimempigia Sista simu mpaka giza limeingia, hapatikani.

Leo asubuhi bosi alinikumbusha nikimaliza nijaribu kulishusha tairi. Nikamjibu fundi wa kweli hajaribu kazi yake. Sikulijaribu.