Binti Alificha Ufunguo, Sifa Nikazichukua Mimi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono, maana nimejaa shukrani na aibu kwa pamoja. Nina binti fundi wa vioo vya magari, na sisemi hivi kwa sababu nimemzaa mimi, lakini mtaani kwetu hakuna mwanamume anayemfikia, hata wenyewe wanakiri. Basi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alileta gari libadilishwe kioo cha mbele, yeye na mkewe wana haraka ya harusi, binti akamaliza kazi halafu akagoma kulitoa, eti gundi haijashika, nami nikamfuata gereji nikamfokea mbele ya wateja, "Wewe, huyu si baba yako mdogo? Unataka aende harusini mgongoni kwako?" Akatia ufunguo mfukoni mwa ovaroli, akasema, "Mama, wakigonga saa hizi kioo kitachomoka kizima, na mtu nyuma yake. Kesho asubuhi." Kesho yake wakaondoka wamenuna, njiani wakaligonga lori bovu, na Mungu ni mkubwa, kioo kikapasuka chote kama utando wa buibui lakini hakikung'oka, mikanda ikawashika, wakatoka na michubuko tu, nimeshukuru mpaka magoti yanauma. Shemeji akanipigia simu analia, "Shemeji, nani aling'ang'ania tusubiri?" Mdomo ukanitangulia, nikasema ni mimi niliyemwamuru mtoto, sasa Jumamosi ukoo mzima unakuja kunishukuru, na binti aliposikia akasema tu, "Hongera, Mama fundi," na tangu hapo anakula bila kunisemesha. Nifanyeje?

Mama Mwenye Fahari

Jibu:

Mama, pole kwa mshtuko, na hongera kwa binti. Lakini wewe! Umemfokea hadharani kwa kuokoa watu, kisha ukamnyang'anya sifa? Ya kumzaa unayo tayari, haikutoshi? Leo hii, akirudi kutoka kazini, mwambie, "Nisamehe, nilisema uongo." Usizungushe. Mpigie na shemeji, asisikie kwa wengine. Jumamosi, kabla hawajaanza kukusifu, simama umtaje binti, umwombe aeleze mwenyewe kwamba kioo kipya kinasubiriwa mpaka fundi aruhusu, na mkanda unafungwa hata ukienda dukani tu. Halafu kaa, umsikilize mpaka amalize. Kunyamaza kutakuwia kazi, najua. Jaribu.