Chai ya Fremu

Eskişehir, Jumapili

Kaka Ferit mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bremen, pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua kwa baridi, ila ulimi wake haujaumwa hata siku moja. Jana alikaanga sambusa za çibörek za kulisha mtaa mzima, kisha akalalamika kwamba anayezipenda hayupo. Umenyamaza tangu vuli, nami namwambia una kazi nyingi.

Habari kubwa unaijua. Wakubwa wamegombana, washirika wamevunja makubaliano na nchi yetu, na ile ndege ya kivita tuliyokuwa tukiitengenezea milango ya magurudumu haitachukua tena hata skrubu kutoka kwetu. Hatukuulizwa lolote. Tulipewa muda wa kumaliza oda ya mwisho, kisha tuifunge kwenye kasha ile fremu kubwa ya kubania milango, iende kwa watakaorithi kazi. Baada ya hapo karakana inafungwa.

Wengine walitaka kulipua kazi. Yaşar, anayetoboa matundu kwa keekee, alisema waziwazi, "Wametufukuza, halafu tuwapambie? Acha ipinde!" Dada Nebahat, fundi mkuu wetu, yule aliyekutoa nje siku ulipokuja karakanani na ndala, alimkazia macho mpaka Yaşar akaangalia chini. Akamwambia, "Mwanangu, atakayekaa ndani ya ndege ni mtoto wa mtu. Huyo hakugombana na wewe." Milango yote ilipita ukaguzi. Kaka, sijapata kumwona mtu wa namna ile.

Akaja Bwana Hartwig kuichukua fremu. Huyu ndiye mkaguzi wa washirika aliyekuwa akinung'unika kila mwaka kwamba sisi tunaanza siku kwa chai badala ya kazi, na Nebahat hakuwahi kumjibu. Baridi ya hapa unaijua. Asubuhi chuma cha fremu kinakuwa kimesinyaa, na ukibana mlango wakati huo, jioni matundu hayaoani. Kwa hiyo Nebahat anawasha hita, anaweka kiganja juu ya chuma, na sote tunakunywa chai mpaka aseme, "Haya, imeamka!" Jambo hilo halimo katika maelekezo yoyote waliyopewa watakaoirithi.

Mimi nilimwambia Nebahat tunyamaze. Nilitaka kazi iwashinde, waturudie wenyewe wakitubembeleza. Alicheka akasema nina kinyongo cha paka, kisha akanituma nikapigilie kifuniko cha kasha. Hapo ndipo nilipoona linakokwenda.

Ni kiwandani kwenu, Kaka. Ndiyo maana ulinyamaza.

Nebahat alikuwa anajua. Bwana Hartwig alikuwa amemtajia jina la fundi atakayeisimamia fremu, naye akanificha ili nisikuchukie. Na nilikuchukia kweli. Nilipomrudia nikilia, hakunibembeleza sana. Aliniambia, "Kaka yako hakuiba kitu. Angekataa, wangempa mwingine. Mwandikie habari ya chai. Mimi mkaguzi hatanisikiliza, lakini yeye atakusikiliza wewe." Huyo ndiye mwanamke anayepoteza kazi aliyoifanya tangu mimi sijaanza shule.

Basi nisikilize. Washa hita kwanza. Weka kiganja, usibane kitu mpaka chuma kiwe na joto la mkono wako. Wakikuuliza mbona unakunywa chai saa za kazi, waambie ndivyo milango hii inavyotengenezwa. Nebahat amekuwekea glasi yake ndani ya kasha, imeviringishwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Bwana Hartwig aliiona akiikagua fremu. Aliishika akaisogeza katikati, pasipotikisika.

Mpigie mama simu. Hasira zangu zimekwisha, na yeye hajui lolote. Wabusu watoto mashavuni kwa niaba yangu, na wifi mwambie soksi za sufu ziko njiani. Sote tunakukumbuka, na Nebahat anasema safari hii uvae viatu.

Mimi mdogo wako,
Şükran