Mchicha wa Bhoke

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kubwa mchana. Nimetapisha choo kama kila masika: nimechomoa kizibo cha lile bomba la nyuma, uchafu ukaenda na mto. Mtaa mzima hufanya hivyo. Nikarudisha kizibo, nikanawa, nikapika ugali wa muhogo.

Marwa hakuja kula. Kala kwa Bhoke, mke mdogo. Tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita bustanini kwa Bhoke makusudi. Nyumba yake iko chini ya yangu, mto huohuo unapita nyuma yetu sote, naye humwagilia kutoka humo. Mchicha wake una majani kama viganja vya mwanamume. Chinsaga, ule mgagani wetu, imefika kiunoni. Yangu imedumaa, ya njano. Mbegu tuligawana kutoka kopo moja, na mume ni mmoja. Kwa nini yake tu?

Wateja wanamfuata mpaka bustanini, hata wa kutoka Sirari, mpakani. Mimi nakaa sokoni na mafungu yangu mpaka yanasinyaa. Na mimi ndiye mke mkubwa, niliyempokea kwa mikono hii.

Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani wamemsifu Bhoke kwa mboga alizotoa. Makofi. Nami nikapiga.

Njiani Marwa ananiambia, "Mama Mwita, si umuulize mwenzako anatumia mbolea gani?" Nimuulize mimi? Bora nile majani ya ng'ombe.

Jumatano, 26 Machi

Watoto wanaharisha mtaani. Wa mwalimu jirani kalazwa.

Nimepata wazo. Si zuri, najua. Mvua iliponyesha nikachomoa kizibo, halafu hata kunawa sikunawa vizuri, nikakimbilia ofisi ya kata kabla haijafungwa. Nikamwambia afisa afya nasikia kuna mtu anaweka samadi mbichi bustanini, inaingia mtoni, watu wanakula. Nikamtaja Bhoke. Hiyo "nasikia" niliitunga mwenyewe.

Nimerudi nikalala vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Afisa kaja na mabuti. Kamwamuru Bhoke ang'oe mboga zote. Bhoke kang'oa mwenyewe, tuta kwa tuta, mtoto mgongoni. Hakubishana. Watu wamejaa. Nilisimama uani kwangu nikitazama, na nisijidanganye, nilifurahi.

Samadi hakuikuta. Akachota maji ya mto, akanusa. Akaanza kupandisha mto, anachota na kunusa, watu nyuma yake.

Hapo nikakumbuka kizibo. Siku mbili kimelala juu ya jiwe. Kwa haraka yangu ya kwenda kumsema mwenzangu, sikukirudisha.

Afisa kasimama nyuma ya choo changu. Bomba linatiririka mchana kweupe. Juu ya bomba maji hayanuki. Chini yake yananuka.

"Mama, samadi uliyosema ndiyo hii?"

Kasema hivyo mbele ya wote. Bhoke alikuwepo.

Jumanne, 1 Aprili

Marwa hasemi nami. Natakiwa kuziba bomba kwa saruji na kuchimba choo kingine. Bhoke kakatazwa kulima pale.

Mbolea yake ilikuwa mimi. Masika yote nimekionea wivu kitu nilichokuwa nikimpelekea mwenyewe. Ule mchicha Marwa kaula. Hata mimi Bhoke aliniletea fungu, nikala nikinuna, na ulikuwa mtamu.

Mtoto wa mwalimu karudi nyumbani. Kakonda. Nimepita mlangoni kwao mara mbili, sikuweza kubisha hodi.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeziba. Nilikuwa nakoroga saruji peke yangu, Bhoke akaja na ndoo ya mchanga. Sikumwita. Akasema, "Shikamoo, dada," kama siku zote. Nikaitikia marahaba nikitazama saruji.

Tumefanya kazi pamoja. Yeye anashika bati lenye saruji, mimi napaka. Nilingoja aniulize. Hakuuliza. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuanzia.

Alipomaliza kunawa akafungua fundo la kitenge, akanipa mbegu za mchicha zilizofungwa kwenye karatasi.

"Zimebaki hizi. Panda wewe, huku kwako juu maji ni safi."

Hata hapa kanizidi. Wivu bado ninao, umehama tu kutoka bustanini.

Mbegu nimezigawa nusu kwa nusu kwenye makopo mawili. Kesho baada ya kanisa nitampelekea lake. Kuna kipande cha shamba karibu na kisima, kinatutosha sote wawili. Nitaanza na kuomba msamaha, halafu ndiyo kopo.

Saruji haijakauka. Nimeifunika kwa gunia.